Jino Limeng'oka, Pengo Je?

Kwa: Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wapangaji wa kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, na wakuu wa vyuo vinavyofundisha udaktari na ufundi wa meno nchini Tanzania

YAH: DARAJA LA BAWA MOJA KWA WALIOPOTEZA JINO LA MBELE

Waheshimiwa,

Katika vituo vingi vya afya vyenye kiti cha meno, matibabu huishia kwenye pamba. Mgonjwa anachomwa sindano ya ganzi, jino linatoka, anaambiwa ang'ate pamba kwa nusu saa, asisukutue siku hiyo, na kesho yake aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maelekezo ni sahihi, na mara nyingi hutolewa kwa upole. Kisha anaitwa anayefuata. Juu ya pengo lililobaki hakuna aliyesema neno.

Barua hii inahusu pengo hilo. Haiombi kila Mtanzania aliyepoteza jino apewe jingine kwa fedha za umma. Hakuna hazina inayoweza kuubeba mzigo huo, na kama itakavyoonekana hapa chini, si kila pengo linahitaji kuzibwa. Inaomba jambo dogo linalowezekana: kijana aliyepoteza jino moja la mbele apate daraja la kugandishwa, la bawa moja, yaani jino bandia linaloshikwa kwa gundi nyuma ya jino jirani moja, katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake, na huduma hiyo itajwe kwa jina katika kitita cha mafao ya bima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Mwaka huohuo nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mpango wa afya ya kinywa hadi 2030, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka huo asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma muhimu za kinywa na meno. Ripoti ya shirika hilo ya 2022 ilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, watatu kati ya kila wanne wakiishi katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania mwaka 2020. Sasa swali liko mezani kwenu: huduma "muhimu" ni zipi? Kitita kikishachapishwa, kilichoachwa nje kina tabia ya kukaa nje kwa muda mrefu.

Ni vyema kuanza na mapengo yanayoweza kuachwa. Mwaka 1981 mtafiti Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba mtu aliyepoteza magego ya nyuma, akabaki na meno ya mbele na magego madogo, anaweza kutafuna vizuri vya kutosha. Wazo hilo lilikuja kupimwa hapahapa nchini. Paulo Sarita wa Muhimbili na wenzake wa Nijmegen waliwachunguza mamia ya Watanzania wenye safu fupi za meno, na mwaka 2003 wakachapisha majibu. Waliobaki na magego madogo yote pamoja na jozi moja tu ya magego yanayokutana walitafuna bila taabu kubwa. Walioteseka ni wale waliobakiwa na jozi moja au mbili za magego madogo, au hata hizo hawakuwa nazo, hasa chakula kikiwa kigumu.

Huo ni utafiti wa nyumbani, na maana yake kwa bajeti ni nzito. Mzee wa miaka 60 aliyepoteza gego la mwisho hahitaji daraja. Anahitaji meno yaliyobaki yalindwe. Zipo pia jamii ambamo pengo halihesabiwi kuwa kasoro. Kwa Wamaasai, kung'oa meno mawili ya kati ya taya la chini ni desturi ya tangu zamani, na mwenye pengo hilo hatafuti tiba yake. Kuziba kila nafasi iliyo wazi kinywani ni biashara nzuri kwa kliniki, lakini si sera ya afya.

Jino la mbele la juu ni habari nyingine. Bila hilo, sauti za "f" na "v" hupoteza makali, na "th" na "dh" hupita na upepo. Mwalimu, mtangazaji, mpokeaji wageni hotelini, msomaji wa Kurani na mwimbaji wa kwaya wote hutegemea kinywa chao kazini. Kijana anayekwenda kwenye usaili akiwa na pengo la mbele hujifunza kujibu kwa maneno mafupi, na akicheka hupeleka kiganja mdomoni kabla hajajijua.

Wanaopoteza meno hayo wanajulikana kwa kila daktari wa meno. Kuna madereva na abiria wa bodaboda walioanguka kwenye lami. Kuna wachezaji wa mpira waliopigwa kiwiko, na wanawake waliopigwa na waume zao wakafika hospitali wakisema wameteleza bafuni. Kuna jino lililooza likiwa bado na uwezo wa kutibiwa mzizi, ila mgonjwa akawa na fedha ya kung'oa tu. Wapo pia watoto wa "meno ya plastiki". Tangu miaka ya 1980 madaktari wameandika habari za watoto wachanga wenye homa au kuhara waliochanwa ufizi, vichipukizi vya meno vikatolewa kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Mara nyingi kinachotolewa ni chonge la utotoni ambalo halijaota, na kisu kikienda ndani zaidi huharibu na chonge la ukubwani lililo chini yake. Mtoto aliyepona homa hiyo hufika umri wa balehe akiwa na nafasi tupu au jino lililopinda, na hakumbuki lolote.

Je, watu hao wana njia gani leo?

Ya kwanza ni kukaa na pengo. Kwa miaka kadhaa meno ya jirani huweza kuinama kuelekea nafasi iliyo wazi, na jino linalolikabili pengo hushuka au kupanda kulitafuta. Mfupa nao haungoji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Lars Schropp na wenzake wa Denmark, uliofuatilia mapengo ya magego makubwa na madogo, ulionyesha kwamba katika miezi 12 baada ya kung'oa jino upana wa ukingo wa taya ulipungua kwa karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi mitatu ya mwanzo.

Ya pili ni jino la kuvaa na kuvua, lililotengenezwa kwa plastiki ya akriliki. Ni la bei nafuu na linafaa sana kama la muda, ufizi ukiendelea kupona. Likigeuzwa kuwa la maisha, matatizo huanza. Bamba lake hufunika ufizi na kukusanya uchafu, kulabu zake huonekana mtu akicheka, na wengi hulala nalo ingawa waliambiwa wasifanye hivyo. Likidondoka kwenye sinki na kuvunjika, mwenye jino hurudi kwenye pengo lake.

Ya tatu ni daraja la kawaida: jino bandia lililounganishwa na kofia mbili zinazovikwa meno ya jirani, moja kila upande. Fikra ya kukopa nguvu kwa jirani ni kongwe. Waetruski wa Italia walifunga meno kwa mikanda ya dhahabu karne nyingi kabla ya Kristo, na jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris linahifadhi meno yaliyofungwa kwa waya wa dhahabu, yaliyopatikana Sidoni mwaka 1862. Daraja la kisasa ni kazi imara: tafiti zilizojumlishwa zimeonyesha kuwa karibu madaraja 89 kati ya 100 huwa bado yapo baada ya miaka 10. Lakini gharama yake haiishii kwenye risiti. Ili kofia ikae, jino jirani lazima lichongwe pande zote. Daniel Edelhoff na John Sorensen walipima mwaka 2002 wakakuta kwamba kuchonga jino kwa ajili ya kofia kamili huondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi. Kwa mtu wa miaka 50 ambaye meno ya jirani tayari yameoza na kuzibwa pakubwa, hiyo ni biashara halali. Kwa binti wa miaka 19 ambaye meno ya jirani hayajawahi kuguswa, ni kuharibu mazima mawili ili kuziba moja. Mojawapo likifa ndani ya kofia miaka michache baadaye, pengo la jino moja limeanza safari ya kuwa la mawili.

Ya nne ni kupandikiza: skrubu ya titani ndani ya mfupa na jino juu yake. Panapofaa ni tiba nzuri sana. Hata hivyo hutaka upasuaji, mfupa wa kutosha na mfuko mnene, na haifanywi kwa kijana ambaye taya lake bado linakua. Skrubu haisogei na mfupa, hivyo jino la kupandikiza la mtoto wa miaka 14 huonekana limezama wenzake wakiendelea kushuka. Aliyevunjika jino kidato cha pili huambiwa asubiri miaka kadhaa, ile anayoihitaji kuliko yote.

Njia ya tano ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka 1973 Mfaransa Alain Rochette alieleza jinsi ya kugandisha kipande cha chuma chenye matundu nyuma ya meno ya mbele bila kuyachonga kwa kofia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliiboresha njia hiyo kwa kukwaruza chuma chenyewe kwa kemikali ili gundi ishike, na madaraja ya kugandishwa yakaenea duniani yakiwa na mabawa mawili, moja kila upande wa pengo. Wengi waliyakatia tamaa kwa sababu yalibanduka. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya mwendo. Kila jino hutikisika kidogo sana mtu anapotafuna, na kila moja hutikisika kwa namna yake. Ukiyafunga mawili pamoja kwa kipande kigumu, yanavutana mpaka gundi ya upande mmoja inaachia. Baya zaidi, bawa la pili hulishikilia daraja mahali pake, mgonjwa asijue lolote, huku uozo ukitambaa chini ya bawa lililoachia.

Jibu lilikuwa kuondoa bawa moja. Matthias Kern na wenzake wa Kiel, Ujerumani, walifuatilia madaraja ya kauri ya meno ya mbele na kutoa takwimu za miaka 10 mwaka 2011. Idadi ya madaraja ilikuwa ndogo, lakini tofauti ilikuwa wazi: asilimia 73.9 ya yale ya mabawa mawili yalidumu, dhidi ya asilimia 94.4 ya yale ya bawa moja. Mwaka 2017 kundi hilohilo liliripoti madaraja 108 ya kauri ya zirkonia yenye bawa moja, ambayo asilimia 98.2 yalidumu miaka 10. Hizo ni kazi za mikono stadi katika chuo kikuu, na mtu mwangalifu atauliza hali ikoje mahali penye mikono mingi ya viwango tofauti. Hospitali ya meno ya Bristol, Uingereza, ilichapisha mwaka 2015 hesabu ya madaraja 771 ya kugandishwa na kukadiria kuwa asilimia 80.4 hudumu miaka 10. Hata kwa kipimo hicho, wanne kati ya watano wanamaliza muongo wakiwa na jino, na meno ya jirani yakiwa hayajakatwa.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa maana urahisi wake ndio hoja. Rangi huchaguliwa kwanza, kwenye mwanga wa mchana, kabla meno hayajakauka. Jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo na humdanganya fundi. Siku ya kugandisha, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Daktari huvuta kitambaa chembamba cha mpira juu ya meno ili mate na pumzi visiguse kazi. Nyuma ya jino jirani hupaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37, husubiri nusu dakika, huosha, hukausha, na pale palipong'aa panageuka peupe kama chaki. Weupe huo ni vishimo visivyoonekana kwa macho ambamo gundi ya rezini itajipenyeza. Upande wa ndani wa bawa, lenye unene usiofika milimita moja, huwa umepigwa kwa unga wa alumina ili nao uwe na ukwaruzo. Gundi inapakwa, daraja linawekwa, mwanga wa buluu unawashwa, kitambaa kinatolewa. Mgonjwa anang'ata karatasi ya rangi ili ijulikane kama jino jipya linagonga la chini, na palipogonga panapunguzwa. Anafundishwa kupitisha uzi wa meno chini ya jino bandia kila usiku. Basi.

Likiachia, daraja la bawa moja huanguka lote. Mwenyewe anajua papo hapo, analiweka kwenye kikopo, anarudi, na mara nyingi linagandishwa tena lilelile. Jino lililolibeba liko palepale, zima. Miaka mitano baadaye akitaka jino la kupandikiza, au akipata fedha za daraja jingine, milango yote bado iko wazi kwake.

Si dawa ya kila kinywa. Anayesaga meno usiku, mwenye meno ya chini yanayogonga juu sana nyuma ya yale ya juu, mwenye ugonjwa wa fizi unaolegeza jino, na mwenye jirani lililozibwa pakubwa hawafai, au wanahitaji utaalamu zaidi. Chonge lililopotea kwa sababu ya "meno ya plastiki" ni gumu kulirudisha kwa njia hii kuliko jino la mbele la pembeni, kwa kuwa chonge hubeba nguvu kubwa mtu anapotafuna kwa upande. Mipaka hiyo haina budi kuandikwa ndani ya mwongozo wa tiba, ili bima isilipie kazi ambayo itabanduka mwezi unaofuata.

Yatasemwa mambo mawili dhidi ya ombi hili. La kwanza ni kwamba vifaa ni ghali na maabara ni chache. Ni kweli kwamba zirkonia inataka mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Lakini bawa la nikeli na kromiamu lenye jino la kauri hutengenezwa kwa uyeyushaji na umiminaji wa kawaida, na matokeo ya Bristol yamejengwa zaidi juu ya madaraja ya chuma. Maabara nayo haihitaji kuwa kila mkoa. Vipimo vya alijineti husinyaa upesi, lakini vikimiminiwa plasta mapema, mfano wa meno unaopatikana haubadiliki tena. Mfano huo ukifungwa kwa pamba ndani ya boksi unaweza kupanda basi Songea jioni na kushushwa Dar es Salaam kesho yake, kama vipuri na barua zinavyosafiri kila siku.

La pili litasemwa kwa sauti ya chini: kwamba tiba ya aina hii ni ya nchi tajiri. Historia ya nchi hii inakataa. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake, bila umeme na bila mashine ya kuchimba: uozo ulikwanguliwa, shimo likajazwa saruji ya glasi. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupisho cha ART, iliungwa mkono na Shirika la Afya Duniani Siku ya Afya Duniani, Aprili 1994, na leo inafundishwa katika vyuo vya mabara yote. Ilizaliwa Tanzania kwa sababu watu waliuliza tiba gani inawezekana kwa kiti kimoja na mikono miwili. Daraja la bawa moja linajibu swali hilohilo: halitaki upasuaji, linachonga kidogo au halichongi kabisa, na linamruhusu mgonjwa kurudi nyuma.

Kwa hiyo barua hii inawasilisha maombi manne.

Kwanza, mgonjwa yeyote anayeng'olewa jino la mbele aandikiwe kwenye kadi yake njia za kuziba pengo na tarehe ya kurudi, takriban miezi mitatu baadaye, ufizi ukishatulia. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji mstari mmoja kwenye fomu.

Pili, kitita cha Bima ya Afya kwa Wote kitaje daraja la kugandishwa la bawa moja kwa jino la mbele, kwa vigezo vinavyoeleweka: umri, hali ya jino jirani, usafi wa kinywa, na idadi ya mara bima itakapolipia kuligandisha tena.

Tatu, vyuo viwape wanafunzi wa udaktari wa meno na wa ufundi wa maabara kazi hii kwa mikono kabla hawajahitimu, na hospitali za rufaa za mikoa ziwapeleke madaktari wao waliopo kwenye mafunzo mafupi. Kugandisha kunasamehe mambo mengi, ila mate hakuyasamehi. Kitambaa cha mpira kiwe lazima na kinunuliwe kama glavu zinavyonunuliwa.

Nne, mikoa miwili au mitatu ianze. Kila daraja liandikwe kwenye daftari moja la kitaifa: lilibandikwa lini, kwa jino lipi, na kama limeanguka, lilianguka lini na kwa nini. Baada ya miaka mitano nchi itakuwa na takwimu zake, haitahitaji kuazima za Kiel wala Bristol, na Wizara itajua kama ipanue huduma au iisimamishe.

Machi 20 kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Mahema husimamishwa viwanjani, watu hupimwa bure, na wengi hung'olewa meno siku hiyohiyo. Wizara inaombwa ilitumie jukwaa la Machi 20 ijayo kutaja hospitali zitakazoanza, jina la ofisa atakayelisimamia daftari, na mwezi ambao mgonjwa wa kwanza atakaa kwenye kiti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa safu ya afya

Nakala: Chama cha Madaktari wa Meno Tanzania, Kamati ya Bunge inayosimamia afya, waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa